Nani Aliuita Mti Huu Mathenge?

Kenya kuna mti wa porini unaoitwa kwa jina la mtu. Muulize mfugaji wa Marigat kule Baringo, dereva wa lori aliyetobokewa na gurudumu kwenye njia ya Lodwar, au mkulima wa Bura kando ya Mto Tana. Wote watakujibu neno moja: mathenge. Vitabuni umekuwa ukiitwa Prosopis juliflora tangu 1825, ingawa mwaka 2022 wataalamu wa mimea walilivunja kundi zima la Prosopis na kuuhamishia mti huu kwenye jenasi ya Neltuma. Baringo hakuna aliyeshtuka. Mathenge ulibaki mathenge.

Asili yake ni Amerika: Meksiko, visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika Kusini. Kenya ulipandwa mwaka 1973 kwenye machimbo ya Bamburi, karibu na Mombasa, kufunika ardhi iliyochimbwa hadi ikabaki jiwe tupu. Kuanzia 1982 mradi wa kuni na upandaji miti uliofadhiliwa kutoka nje ukauleta Baringo, na katika miaka hiyohiyo ya 1980 ukapandwa Turkana na Tana. Mwaka 1988 ulikuwa umefunika hekta 882 za Baringo. Kufikia 2016 zilikuwa hekta 18,792.

Kila mti huu unapotajwa, ubishi juu ya jina lake haukawii kuzuka. Limetoka wapi? Linamwonea mtu? Tulitupe au tulishike? Nimezigawa hoja za ubishi huo kwa sauti nne: mzee mfugaji wa jamii ya Ilchamus, afisa wa misitu aliyestaafu, mwalimu wa Kiswahili, na mama anayechoma makaa. Maneno nimeyapanga mimi, na pale nitakaposhindwa kunyamaza nitaingilia.

MZEE: Wacha nianze, maana mbuzi walikuwa wangu. Mti huu haukujiotea. Ulikuja ukiwa mche, mizizi yake imefungwa kwenye mfuko mweusi wa nailoni, juu ya gari la serikali. Aliyekuja nao alikuwa afisa wa misitu, na tunavyosimulia huku kwetu, jina lake lilikuwa Mathenge. Hakuna siku tuliyokaa kikao tukasema sasa tuupe jina. Mtu alimwambia mwenzake, kachukue ile miche ya Mathenge. Miche ikapandwa, ikawa miti, na jina likabaki juu yake.

AFISA: Niwie radhi, mzee wangu. Hapo ndipo panaponiuma. Nimeitumikia misitu tangu ujana wangu, na afisa wa ngazi ile simwoni akiingiza mti nchini kwa uamuzi wake. Huletewa waraka, huletewa mbegu, huletewa gari na mafuta, kisha huambiwa panda. Kama kweli kulikuwa na Mathenge aliyeshuka kwenye gari lile, yeye alikuwa mtume. Waliomtuma hawajulikani hata kwa jina moja, naye jina lake linatukanwa na kila anayechomwa na mwiba.

MZEE: Waliomtuma sikuwaona. Niliyemwona ni yeye.

MAMA: Kwani alikuwa mtu mbaya, baba?

MZEE: Hata kidogo. Tulimpenda. Mwaka wa ukame wa 1984 mti huu ulikuwa wa kijani wakati kila kitu kingine kimekauka. Tulikaa kivulini pake. Jina hatukulitoa kwa hasira, binti yangu. Hasira ilikuja baadaye, ikalikuta jina tayari liko mdomoni.

Naomba tusilipite jibu hilo haraka. Wengi wanaoliandika jina hili huliandika kana kwamba tangu mwanzo lilikuwa kidole cha kumshutumu mtu. Lakini Wakenya tuna desturi ya kukiita kitu kwa jina la aliyetuletea, kiwe kizuri au kibaya. Maziwa waliyopewa watoto wa shule enzi za Rais Moi yaliitwa maziwa ya Nyayo, na walioyanywa wakiwa darasa la pili bado huyataja kwa furaha. Sheria za matatu zilizosimamiwa na waziri John Michuki zinaitwa sheria za Michuki hadi leo, na ukisikiliza sauti ya anayesema ndipo utajua kama anamsifu au anamlaani. Jina la aina hii hueleza kitu kilitoka mkononi mwa nani, na sifa au lawama husubiri kuona kitu chenyewe kitakuwaje. Mathenge liliingia kama Nyayo. Halikubadilika hata herufi moja, ila mti uliobeba jina hilo ulibadilika.

MWALIMU: Kabla hatujaendelea, kuna maelezo mengine ya asili ya jina hili ambayo husikika, nami nataka tuyapime hapahapa. Kwa Kikuyu, thenge ni beberu, mbuzi dume. Kwa hiyo wapo wanaosema mathenge maana yake ni mti wa mabeberu, kwa kuwa mbuzi wanaupenda na ndio wanaoangamia kwa ajili yake. Kisha Kiswahili kinaongeza utamu: kwetu beberu ni mbuzi dume, na beberu ni mkoloni. Mti uliotoka ng'ambo ukaja kunyang'anya watu malisho yao, nao ukaitwa beberu! Nikilitaja hilo darasani, wanafunzi hawataki tena kusikia maelezo mengine.

AFISA: Na mimi ningelipenda, maana lingemwondolea mwenzangu lawama.

MWALIMU: Ndiyo maana nalitilia shaka. Maelezo yanayomfurahisha kila mtu yanahitaji kuchunguzwa mara mbili. Mzee, nyumbani mnazungumza Kimaa cha Ilchamus. Kama mngetaka kuuita mti kwa sababu ya mbuzi, mngeazima neno la mbuzi kutoka Kikuyu?

MZEE: Kwa nini niazime? Kwetu mbuzi ana majina yasiyohesabika, kwa rangi, kwa pembe, kwa umri.

MWALIMU: Basi. Mtu hukibatiza kitu kwa lugha yake. Tena neno hili linatumika Turkana, linatumika Garissa, linatumika Tana, kwa watu ambao thenge haiwaambii chochote. Neno la kawaida la Kikuyu lisingesafiri hivyo. Jina la mtu wa serikali husafiri, kwa sababu watumishi wa vitalu walihamishwa wilaya hadi wilaya na kila mmoja alilibeba. Kuna dalili nyingine ya kisarufi. Kiswahili kikiukubali mti huupa m- yake: mkaratusi, mpera, mkorosho, yote ni miti ya kigeni na yote imevikwa vazi la kienyeji. Mathenge haukuvikwa. Hakuna anayesema mmathenge. Tunasema mti wa mathenge, au mathenge tu, na mtu akisema mathenge umeota, ule u- wa kitenzi ndio peke yake unaotujulisha kwamba hatumtaji mwanadamu. Hilo ni jina la mtu. Ukoo wake wa Kikuyu huenda ukafika kwa beberu, kama majina mengi ya watu yanavyofika kwa wanyama, lakini mti haukulichukua huko. Uliokota jina likiwa limeshavaliwa na mtu.

Nakubaliana na Mwalimu, na nashukuru kwamba hakukiacha kisa cha beberu kipite bila kuguswa. Kinavutia mno. Ubaya wake ni kwamba kinamtoa mwanadamu kwenye habari nzima: mti unabaki na mbuzi, mbuzi anabaki na mti, na gari la serikali linatoweka.

MZEE: Sasa nisikilizeni juu ya mbuzi, maana mnawataja bila kuwaona. Tunda la mathenge likiiva huwa ganda refu la manjano, tamu. Hata mtoto akilifyonza atacheka. Mbuzi akilipata haendi tena kwenye nyasi. Anatafuna ganda baada ya ganda, ule utamu unagandamana kwenye fizi, na mbegu ngumu zinajikaza katikati ya meno. Fizi inavimba. Jino linacheza, kisha linatoka. Nyinyi watu wa mjini huenda hamjui kwamba mbuzi, hata mzima wa afya, hana meno ya mbele juu, ana ufizi mgumu tu. Yake ni yale ya chini. Yakiisha yale, hawezi kung'ata jani. Ukimpanua mdomo utaona kitonge kimekwama shavuni, kimechacha, mate ya kijani yanachuruzika. Anasimama katikati ya majani anakufa njaa. Na mbegu alizomeza hazisagiki tumboni. Zinatoka kwenye samadi zikiwa tayari kuota. Kila mahali mifugo yangu ilipolala, mimi mwenyewe nilikuwa natia mbegu ardhini.

AFISA: Hilo la mbegu tulilijua baadaye kuliko tulivyopaswa.

MZEE: Ndiyo maana miaka ya 2000 watu wetu walikwenda Mahakama Kuu, Nairobi, kuishtaki serikali, na walimpeleka mbuzi kibogoyo kuwa ushahidi. Magazeti yalichapisha picha, watu wakacheka. Sisi hatukucheka. Mwaka 2008 serikali ikautangaza mti huu kuwa gugu hatari chini ya Sura ya 325 ya sheria za Kenya. Gugu! Serikali iliyouleta kwa gari lake ndiyo iliyouita gugu. Sasa Afisa ananiambia nisitaje jina. Nikiacha kusema mathenge, ni nani atakayekumbuka kwamba uliletwa?

AFISA: Sijasema usahau, mzee. Nimesema usimwonee mtu. Na wewe nisikilize kidogo. Unaikumbuka Baringo ya wakati ule? Vumbi lilikuwa likiinuka mchana hata huoni boma la jirani. Mbuzi walikuwa wengi kuliko ardhi, miguu yao imekanyaga nyasi hadi mizizi. Wanawake walitoka alfajiri kutafuta kuni, wakarudi jua likiwa utosini na mzigo wa vijiti. Mgunga unachukua miaka mingi kukua. Sisi tulipewa mti unaokua kwenye chumvi, usiotaka mvua, ulioshikilia udongo ndani ya miaka mitatu au minne. Ungekuwa mimi ungeukataa?

MAMA: Mimi nisingeukataa. Mama yangu ndiye aliyekuwa akitoka alfajiri.

MZEE: Wala mimi sikuukataa. Sikuulizwa.

Hapo Afisa alikosa jibu, na mimi pia sina. Katika kumbukumbu za miradi ya aina hii utasoma kuhusu miche iliyooteshwa, hekta zilizopandwa, na asilimia ya iliyosalimika. Lakini kuna jambo moja ambalo mti wenyewe ulilibeba miaka yote hii, nalo ni kwamba watu walioishi pale hawakuulizwa. Mti wa asili huwa na jina kabla serikali haijafika. Mgunga ulikuwa na jina lake kwa Kimaa, Kitugen na Kipokoti. Mswaki vivyo hivyo, na Kiswahili kikauita kwa kazi yake ya kusugua meno. Mathenge ulifika bila jina la nyumbani, kwa hiyo ulipewa jina la kitu kilichoonekana karibu nao siku ile: mtu mwenye nguo za serikali.

MWALIMU: Tusijidhanie kuwa wa pekee, lakini. Mti huu umepewa majina na kila ulikopita, na kila jina linamtaja aliyelitoa kuliko mti wenyewe. Waazteki waliuita, pamoja na ndugu zake, mizquitl. Wahispania wakalichukua neno wakalifanya mezquite, Waingereza wakalipitisha, na Sudan, ulikopelekwa mwaka 1917, wanauita meskit. Neno la watu wa Meksiko linatamkwa kandokando ya Mto Gash na wasemaji hawana habari. Wahispania walioufikia Peru waliona maganda yake yanafanana na ya mti wa kwao, wakauita algarrobo, neno ambalo wao walikuwa wamelipata kwa Waarabu, al-kharrub.

MAMA: Kama sisi na mahindi.

MWALIMU: Sawasawa kabisa. Mahindi yametoka Amerika nasi tukayaita ya Kihindi. Viazi vimetoka milima ya Peru na Watanzania wakaviita viazi ulaya. Na India, mti wetu huu wanauita vilayati babul, yaani mgunga wa vilayati, wa ng'ambo. Hiyo vilayati na Ulaya yetu ni neno moja, limetoka kwenye wilaya ya Kiarabu. Gujarati wamekwenda mbali zaidi: gando baval, mgunga kichaa, kwa jinsi unavyokimbilia kila shamba. Wasomali huuita garanwaa, kitu kisichojulikana. Hayo ndiyo majina ninayoyapendelea mimi. Yanasema mti ulivyo, au yanakiri kwamba ni mgeni, na hakuna familia inayoamka asubuhi ikiwa na gugu mlangoni lenye jina la baba yao. Kumbukeni Mathenge si jina la mtu mmoja. Stanley Mathenge aliongoza wapiganaji wa Mau Mau msituni akapotea mwaka 1955, hajulikani alikoishia. Ni jina la heshima. Na nimewahi kuwa na mtoto darasani anayeitwa hivyo, wenzake wanamwita mwiba.

MZEE: Mtoto huyo mpe pole zangu.

AFISA: Na Waafar wa Ethiopia je? Mwalimu, umewaacha.

MWALIMU: Sikuwaacha, nilikuwa nawafikia. Waafar nao waliletewa mti huuhuu. Wengi huuita Dergi hara, mti wa Dergi, utawala wa kijeshi ulioishika Ethiopia kuanzia 1974 hadi 1991. Wengine huuita Weyane, jina la waliouangusha utawala huo.

AFISA: Mnaona? Waafar walitazama juu ya kichwa cha afisa. Walipiga panapostahili. Sisi tungeuita mti wa serikali, mwenzangu angepumzika.

Hoja hii ya Afisa ndiyo iliyonifanya niutake mjadala huu uandikwe. Kwa muda mrefu nilidhani majina mawili hayo, la Baringo na la Afar, ni ya namna moja. Siyo. Mwafar akisema mti wa Dergi ametaja mamlaka. Mtu wa Baringo akisema mathenge ametaja mtumishi wa mamlaka. Lakini tazama kilichotokea Afar: utawala ulipobadilika, jina la pili likapatikana, na lawama ikapata mahali pa kuhamia. Kila serikali inaweza kusema si sisi, ni wale. Jina la mtu haliwezi kufanyiwa hivyo. Limekaa palepale kupitia marais wanne, na kila anayelisikia kwa mara ya kwanza anauliza swali lilelile: Mathenge ndiye nani? Swali hilo lina faida kubwa. Ukilijibu vizuri huwezi kuishia kwa Mathenge. Lazima ufike kwenye gari, kutoka kwenye gari ufike ofisini, kutoka ofisini ufike kwa aliyetoa fedha.

MWALIMU: Unalijibu wewe vizuri, ndugu mwandishi. Wangapi hulijibu vizuri? Wengi huishia kwa Mathenge. Tena niulize jambo ambalo Mzee analifahamu kuliko sisi. Mzee, katika vitabu vya kikoloni, na hata ramani za shule nilizosomea mimi, nyinyi mliitwa nani?

MZEE: Njemps.

MWALIMU: Mlijiita hivyo?

MZEE: Kamwe. Sisi ni Ilchamus. Wageni hawakuweza kulitamka, wakaandika walichoweza, nasi tukakaa na makosa yao kwenye karatasi zetu zote.

MWALIMU: Basi unajua jina la kubandikwa linavyouma. Kwa nini uone raha kulibandika kwa mwingine?

MZEE: Mwalimu, swali lako ni zuri, na nimelala nalo zaidi ya usiku mmoja. Lakini tazama nani anambandika nani. Aliyetuita Njemps alikuwa na kalamu, ramani na bunduki. Akikosea, kosa lake linakuwa sheria. Mimi nilipousema mathenge sikuwa na kalamu. Nilikuwa na mdomo na mbuzi. Jina lake la kitaalamu wanalo wao, kesi iliandikwa na mawakili, tangazo la gugu lilichapishwa kwa Kiingereza. Kwenye habari yote ya mti huu, neno moja tu ndilo tulilolitoa sisi. Hilo nalo unataka nilirudishe?

MWALIMU: Nataka ulitafakari.

MZEE: Nimelitafakari. Simchukii Mathenge. Akija leo nitamchinjia, kama nitapata mwenye meno.

Mwalimu hakushawishika, na sitamsingizia kwamba alishawishika. Yeye anaamini mtu mmoja akionewa na jina, idadi ya waliolitoa haipunguzi uonevu huo. Naiheshimu imani hiyo. Hata hivyo naona Mzee amesema jambo zito zaidi. Kuna tofauti kati ya jina linaloshuka na jina linalopanda. Jina linaloshuka kutoka kwa mwenye nguvu humfuta aliyepewa: Njemps iliwafuta Ilchamus kwenye ramani. Jina linalopanda kutoka kwa asiye na nguvu ni kumbukumbu, na mara nyingi ni kumbukumbu pekee aliyonayo. Usahihi wake si wa mahakama, lakini ukiliondoa hutapata sahihi zaidi. Utapata kimya.

MAMA: Mimi niwaulize nyote jambo moja. Mnabishana mlibakishe jina au mliondoe, kana kwamba liko kwenye meza yenu. Jina hili sasa liko kwenye gunia langu. Nikifika barabarani na makaa, mnunuzi hashuki kwenye gari kabla hajauliza: haya ni ya mathenge? Nikisema ndiyo, hashindani sana juu ya bei, kwa kuwa anajua ni mazito na yanakaa na moto. Mzee analitaja kwa uchungu, mimi nalitaja kupata karo.

MZEE: Na miiba, binti yangu? Haikuchomi?

MAMA: Inanichoma, baba. Nimevaa akala kwa sababu hiyo, ndara inapita kama karatasi. Tawi lenyewe huwezi kulivuta kwa mkono, unalikata kwa panga ukiwa mbali, unaliburuta kwa kijiti chenye ndoana, unaondoa miiba kwanza, ndipo unapanga magogo na kuyafukia kwa majani na udongo. Mwiba ukiingia usipotoka wote, mguu unavimba siku nyingi. Sijasema ni mti mzuri. Nasema kwamba wanangu wakisikia mathenge hawafikirii afisa. Wanafikiria Jumamosi, siku ya kupakia magunia. Mti huu haukunyonya damu ya kila mtu kwa kipimo kimoja. Mwenye mbuzi mia alipoteza kila kitu. Mimi sikuwa na mbuzi.

AFISA: Na nyuki nao wanaupenda. Asali ya Marigat nyingi inatoka kwenye maua yake.

MZEE: Afisa, usifurahi mapema.

AFISA: Sifurahi. Nasema tu kwamba jina lina watu wengi ndani yake sasa. Huenda jina la mwenzangu limeshaanza kumtoka mwenyewe.

MWALIMU: Kama ni hivyo, nina ombi dogo, la kalamu. Mkiliandika, liandikwe kwa herufi ndogo. Magazeti huandika Mathenge kwa herufi kubwa katikati ya sentensi, kama mtu anayetafutwa na polisi. Mgunga hatuuandiki hivyo, wala mwarobaini. Herufi ndogo itasema kwamba huu ni mti.

MZEE: Mimi sijui herufi kubwa wala ndogo. Lakini ukiandika kwa ndogo, mtu atajua kwamba uliletwa?

MWALIMU: Hatajua kwa herufi, mzee. Itabidi aandikiwe.

Ombi la Mwalimu nimelikubali, na msomaji ataona kwamba tangu mstari wa kwanza neno hili limeandikwa kwa herufi ndogo kila linapousema mti. Lakini swali la Mzee linabaki na deni. Ukipita Marigat leo utaona mabango ya miradi ya kudhibiti mti huu, na mengi hutaja jina la kitaalamu na nembo za wafadhili. Ningependa moja tu liandikwe Kiswahili, liseme: mathenge, mti wa Amerika, ulipandwa hapa kuanzia 1982 na mradi wa serikali kwa fedha za nje, bila wenyeji kuulizwa. Hapo afisa aliyeshuka kwenye gari atakuwa amerudishiwa ukubwa wake halisi, na wenyeji hawatakuwa wamenyang'anywa neno lao.

AFISA: Bango la namna hiyo halitapitishwa ofisini.

MZEE: Basi Afisa, wewe umestaafu. Ofisi haikushiki tena. Kaunti ikiita kikao cha wananchi, simama uliseme wewe, kwa kuwa mimi nikisema wataniambia ninalalamika.

AFISA: Nitasema tuliagizwa.

MZEE: Useme na nani aliyeagiza.

AFISA: Barua zipo. Nitazitafuta.

MAMA: Na ukiwa umesimama hapohapo, waambie vijana wanaolipwa kukata wasikate juu ya ardhi. Ukikata juu, kisiki kimoja kinatoa mashina kumi. Wachimbue udongo, wakate mzizi chini, kiasi cha kiganja. Nimewaona wiki nzima wanakata juu, na walikoanzia kumeshachipua.